Mbwa wa Denver na sheria ya miaka 31

Samahani kwa kimya, majaribio yalinibana na bumu nalo likachelewa, mnajua wenyewe. Juzi usiku hapa hosteli tulibishana mpaka saa saba: eti serikali inaweza kupiga marufuku aina fulani ya mbwa? Mwenzangu wa chumba akasema hayo ni ya kwenye sinema. Nikamwambia ngoja bwana, mimi ni mtu wa historia, nitakuandikia.

Haya, twendeni Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 1986 mtoto wa miaka mitatu aliuawa na pit bull. Mwaka 1989 mchungaji mmoja naye akashambuliwa vibaya sana. Watu wakashikwa na hofu, na mwaka huohuo halmashauri ya jiji ikapiga marufuku kufuga mbwa hao.

Shida ikaja kwenye kuwatambua. Sheria ilitaja aina tatu, halafu ikaongeza mbwa yeyote mwenye sehemu kubwa ya maumbile yao. Yaani mbwa anahukumiwa kwa sura hata kama hajawahi kumuuma mtu! Wenye mbwa wengine waliwahamishia nje ya jiji, na mbwa wengi waliokamatwa wakauawa.

Mwaka 2004 bunge la Colorado likazuia miji kutunga sheria za kubagua mbwa kwa aina. Denver ikaenda mahakamani kudai kwamba ina mamlaka ya kujiamulia mambo yake, ikashinda, na mwaka 2005 msako ukaanza upya.

Februari 2020 halmashauri ikapiga kura kuifuta sheria ile, lakini meya Michael Hancock akaikataa kwa kura ya turufu. Novemba mwaka huo wakaulizwa wananchi wenyewe, na wengi wakasema iondoke. Kuanzia 2021 unafuga kwa kibali, mbwa awe na chipu na chanjo ya kichaa cha mbwa. Akimaliza miezi 36 bila kosa, anahesabiwa kama mbwa wengine.

Sasa msinielewe vibaya, siwacheki wale wa 1989. Mdogo wangu aliumwa na mbwa akitoka shule, na mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza hospitali kuchomwa sindano. Siku ile ningepewa kalamu ningefuta mbwa wote wa mtaa! Ila aliyemuuma alikuwa mbwa koko tu, mdogo, hana aina wala jina, na mwenyewe hajawahi kumchanja wala kumfunga. Sheria ya Denver isingemgusa kabisa. Ya kumbana mwenye mbwa ingemgusa.

Nikifika darasani na chaki yangu, hili nitawafundisha wanafunzi: sheria iliyotungwa na hofu muulize kwanza, inamkamata nani na inamwacha nani?

Nyie mnasemaje? Mie nakimbilia kipindi cha saa nane, tutaonana kantini.