Hema la Mdachi, hema la Mholanzi

Katika Kiswahili cha Mrima, Mdachi ni Mjerumani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alipotunga utenzi wake kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alikuwa akiwazungumzia watu wa kampuni ya Kijerumani waliokuja kushika mamlaka Pangani mwezi Agosti 1888. Vita vikazuka, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim akanyongwa katika mji huohuo. Jina Mdachi limetokana na jinsi Wajerumani wanavyojiita wenyewe, Deutsch. Waingereza nao walichukua neno la ukoo huohuo wakawabandika majirani wa Wajerumani, Waholanzi, wakawaita Dutch. Kwa hiyo ukisoma tangazo la Kiingereza la hema lililotengenezwa na "Dutch", kisha ukamwambia mzee wa Pangani kwamba umeona hema la Kidachi, usishangae akikujibu kwa habari za mizinga.

Nimelazimika kuyapanga maneno haya kwa sababu ya mjomba wangu. Anaishi ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, upande unaoufikia kwa kivuko cha Bweni, na shughuli zake nyingi ziko Ushongo, kijiji cha wavuvi ambacho ufuo wake umejaa minazi na nyumba za wageni za makuti. Mwaka jana wasafiri wawili wa Kiholanzi, waliokuwa wakizunguka Afrika kwa gari, walitaka kuuza hema lao la familia kabla ya kurudi kwao. Bei waliyotaja ingetosha kununua mabati ya kuezeka vyumba viwili. Mjomba alitaka kulikodisha kwa familia zinazotoka Tanga mjini siku za Idi na Pasaka. Akanipigia simu: "Mpwa wangu, wewe si unasoma historia? Hebu nisomee na hili hema."

Alikuwa anatania, lakini swali lake ni la historia kweli. Pwani hii ina rekodi ndefu ya mahema, na rekodi hiyo inafundisha mambo mawili ambayo muuzaji hayataji: nani analibeba hema, na nani analala ndani yake.

Tuanze na mzigo. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyofuata bonde la mto kwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu. Richard Burton na John Speke walipita hapa mapema mwaka 1857 wakielekea Vuga, kwa Kimweri. Mwaka 1887 Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walianzia hapa safari iliyowafikisha Ziwa Turkana, wakiwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia hizo kuliko ramani yoyote ya wakati huo. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vya enzi hizo vimejaa michoro ya hema jeupe likiwa limesimama katikati ya kambi, na mwenye kitabu ameketi mlangoni.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi. Frasila moja ni kama kilo 16, kwa hiyo tunazungumzia kilo 32 kichwani au begani, mbali na mkeka wake, chakula chake na mara nyingi bunduki yake. Hema la bwana, na kitanda chake, na meza yake, kila kimoja kilikuwa kichwani mwa mtu. Msafara ulipofika kambini, mpagazi aliyebeba hema alilitua chini, likasimamishwa, kisha yeye akaenda kukata matawi na majani ajijengee kibanda cha usiku mmoja. Na wapagazi hawakuwa wanaume peke yao safarini. Wanawake walikuwemo, wake na wapishi na wabebaji, na watoto pia. Kwa maana hiyo familia zilipiga kambi katika nchi hii zamani sana, ila hema halikuwa lao.

Sasa linganisha. Hema la pamba la familia la Kiholanzi, pamoja na nguzo zake na vigingi vyake, linaweza kufika kilo 30. Ni mzigo kamili wa mpagazi mmoja wa Pangani. Mholanzi haoni tatizo kwa sababu analitia nyuma ya gari. Mjomba hana gari. Angelipakia kwenye bodaboda kutoka Bweni, na mimi najua hali ya barabara ile wakati wa masika.

Kwa nini Waholanzi walitengeneza hema zito hivyo? Jibu liko katika kitambaa, na kitambaa cha Uholanzi si kigeni kwetu hata kidogo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Leiden na Helmond vilichapisha kanga kwa ajili ya soko la Zanzibar na Mrima. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ndiyo hiyohiyo ambayo vitenge vyake vinajulikana Afrika Magharibi yote. Upande mwingine wa nchi hiyo, katika eneo la Twente, miji ya Enschede, Almelo na Nijverdal ilikuwa miji ya kufuma pamba, na nguo nyingi zilipelekwa kuuzwa katika koloni lao la Indonesia. Soko hilo lilipopotea baada ya uhuru wa Indonesia, na nguo za bei nafuu zilipoingia kutoka kwingine, viwanda vingi vya Twente vilifungwa. Ten Cate ya Almelo na Nijverdal ni miongoni mwa vilivyobaki, kwa kugeukia vitambaa vya kazi maalumu. Kimojawapo ni kitambaa cha mahema.

Wakati huohuo Waholanzi wenyewe walikuwa wamejifunza kulala nje kwa hiari. Chama chao cha watalii wa kupiga kambi kilianzishwa mwaka 1912 kwa juhudi za Carl Denig, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mazoea hayo yakawa ya kila tabaka: baba, mama, watoto na baiskeli, wiki mbili chini ya kitambaa. Nchi yao ina upepo wa bahari, mchanga na mvua zisizo na adabu, kwa hiyo hema lao lilibidi listahimili. Watengenezaji kama De Waard wakayapa mahema yao majina ya ndege wa baharini, Albatros na Zilvermeeuw. Kigingi cha hema wanakiita haring, jina la samaki wao maarufu. Mvuvi wa Ushongo angewaelewa mara moja.

Hapa ndipo nilipoanza kumjibu mjomba. Pamba ina tabia moja nzuri: ikilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu, kwa hiyo maji hayapiti, na ikikauka inapumua. Mtu aliyelala Ushongo usiku wa Machi, joto likiwa limekaa palepale lilipokuwa mchana, anajua thamani ya kitambaa kinachopumua. Hema la nailoni katika hali hiyo hutoa jasho kwa ndani, na asubuhi unaamka umelowa bila mvua kunyesha. Lakini pamba ina kisasi chake. Ukiikunja mbichi, siku chache baadaye imeota kuvu. Msimu wa masika si wa kukausha kitu. Kwa pwani yetu ningechagua kitambaa cha pamba iliyochanganywa na poliesta, ambacho ni chepesi kidogo, hukauka mapema zaidi na bado kinapumua.

Nailoni nayo ina historia yake hapa, tena yenye uchungu. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vitoto vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe, kusini mwa Mto Pangani, upande uleule wa Ushongo. Kutoka humo yakazaliwa mashamba ya Tanga, na pamoja nayo maisha ya manamba, vibarua wa mikataba waliosafirishwa kutoka mbali na kulazwa katika kambi za mashamba. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Dunia ilifunga mizigo yake kwa kamba zetu. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, polipropilini na nailoni, nyepesi na za bei ndogo, na soko la katani likaporomoka. Teknolojia iliyolifanya hema liwe la kilo nne na kamba zake zisioze ndiyo iliyozima mitambo mingi ya mkonge kati ya Pangani na Korogwe. Sisemi hivyo ili mtu asinunue nailoni. Nasema tu kwamba hema jepesi nalo liliwahi kuwa mzigo wa mtu.

Mjomba alisikiliza yote haya, kisha akauliza kuhusu mchanga. Ni swali zuri kuliko yangu yote. Vigingi vifupi vinavyokuja na mahema mengi havishiki katika mchanga wa Ushongo, na kusi ikianza kuvuma hema linageuka tanga. Tafuta vigingi virefu na vipana. Ukivikosa, fanya wanavyofanya watu wa dago: funga kamba katikati ya kipande cha mti, kifukie kwa kukilaza, kisha ushindilie mchanga juu yake. Kila mshono ukague kwa kuuvuta. Nguzo zisiwe za chuma kinachoshika kutu, maana chumvi ya bahari haina subira. Na usilisimamishe chini ya mnazi, hata kama kivuli kinavutia. Nazi haichagui.

Neno dago linastahili kutajwa katika historia hii. Wavuvi wa pwani yetu wanaohama kufuata samaki hupiga dago, kambi ya majuma au miezi, kwa makuti, miti na siku hizi turubai. Mababu zao walikuwa na matanga ya ukindu na baadaye ya kitali, yaliyofanya kazi baharini kwa foromali na mlingoti. Kwa hiyo si kweli kwamba kulala chini ya kitambaa ufuoni ni mambo ya wazungu, kama nilivyosikia ndugu zangu wakimcheka mjomba. Wala si kweli kwamba kila aliyelala nje alilala kwa raha. Familia ya Tanga inayolipia hema siku ya Idi inafanya jambo jipya kidogo: inalala nje kwa kupenda, ndani ya hema zuri, na hakuna mtu aliyelibeba kichwani.

Au karibu hakuna. Ufuoni kuna walinzi wa usiku. Wageni wakishafunga zipu, mlinzi huketi kwenye kiti cha plastiki, na mvua ikija hujisogeza chini ya kipande cha turubai kilichofungwa kwenye minazi miwili. Picha hiyo ingeweza kuchorwa mwaka 1887, hema limesimama katikati na mwenye kazi yuko nje yake.

Kwa hiyo nilimpa mjomba ushauri wa sehemu mbili. Kwanza, hema lile la Kiholanzi ni zuri, anunue ikiwa kitambaa hakina madoa meusi ya kuvu na wauzaji wakikubali kupunguza bei, kisha alihifadhi Ushongo kwenyewe badala ya kulizungusha kwa bodaboda. Pili, katika hesabu ya kukodisha aingize bei ya hema la pili, dogo, la mlinzi, lenye sakafu na chandarua.

Akanyamaza kidogo. "Hilo la pili linapandisha gharama," akasema.

Nikamwambia ni kweli, linapandisha. Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe akiuliza kama mafundi wa maturubai wa Tanga wanaweza kushona hema la mtu mmoja, na kama kamba za katani bado zinauzwa sokoni.