Hisabati ya Bure, Ng'ambo ya Barabara

Najua nimepotea, kazi zilinibana. Leo naacha kidogo mambo ya programu nieleze historia fupi ya elimu ya bure, hasa ya hisabati na sayansi, nikiitazama kutoka hapa Hurlingham ninapoishi. Nami nimo ndani ya historia hiyo, kwa sababu ya kosa moja.

Kosa lenyewe ni hili. Niliacha chuo kwa kukosa karo, nikajifunza kuandika programu mwenyewe. Mwaka 2005 nikapata kibarua: mteja aseme alipo, programu imwonyeshe tawi la duka lililo karibu naye zaidi. Fomula ya umbali niliinakili mtandaoni bila kuielewa. Siku ya majaribio, mtu aliyekuwa Ngong Road aliambiwa tawi lake la karibu liko Mombasa. Nilitafuta kosa siku mbili. Kumbe lugha za programu hutaka pembe kwa radiani, nami nilikuwa nazilisha digrii. Ukiomba saini ya 30 ukitarajia 0.5, kompyuta itakupa -0.988 na haitakuonya. Mwenye kazi hakunifokea. Alinilipa nusu, na hakuniita tena.

Hapo ndipo nilipoamua kuanza hisabati upya. Swali lilikuwa: kwa kitabu gani, na kwa pesa gani?

Nilipanda 46 hadi mjini, nikaingia Maktaba ya McMillan. Wengi wetu hupita pale bila kukumbuka kwamba jengo lile lilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Vitabu vilikuwepo, meza zilikuwepo, na simba wa mawe mlangoni walikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa. Babu yangu hata angekuwa na kiu ya aljebra kiasi gani, angeishia kwa wale simba.

Enzi yetu kizuizi kilikuwa kingine. Aprili 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure kwa yeyote duniani, na masomo ya kwanza yakatoka 2002. Miongoni mwa yaliyopendwa sana ni mihadhara ya video ya Profesa Gilbert Strang kuhusu aljebra ya matriksi na vekta. Bure kabisa! Lakini mimi nilikuwa kwenye saiba, nalipa shilingi moja kwa dakika, laini moja tukigawana kompyuta kumi. Kenya nzima wakati huo ilitegemea setilaiti kuunganishwa na intaneti ya dunia, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Video ya Strang ningeisubiri hadi pesa ya chakula iishe. Kwa hiyo niliacha video, nikachukua mafaili ya maswali ya mazoezi, nikachapisha kwa shilingi kumi ukurasa. Kijana wa saiba alizoea kuniuliza, "Bro, leo ni kurasa ngapi za mateso?"

Sasa sikilizeni sehemu inayonichekesha hadi leo.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilikuwa imeanzisha African Virtual University, yaani AVU. Wazo la mwanzo lilikuwa setilaiti: profesa wa ng'ambo anafundisha, mawimbi yanamleta hadi vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwemo. Mwanafunzi alimwona kwenye skrini, kisha akatuma swali kwa simu, faksi au barua pepe. Mwaka 2002 makao makuu yalihama kutoka Washington kuja Nairobi, na mwaka uliofuata AVU ikawa taasisi ya serikali za Afrika zenyewe. Baadaye ofisi zake zikawa Kilimani, karibu na Yaya. Yaani mwendo wa miguu tu kutoka chumbani kwangu.

Na si ofisi tu. Kuanzia 2005, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, AVU iliwakusanya wahadhiri wa vyuo vikuu 12 kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Somalia, waandike wenyewe masomo ya kuwaandaa walimu. Matokeo yalikuwa moduli 73 za hisabati, fizikia, kemia, biolojia, TEHAMA na ualimu, kila moja kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Moduli ya kalkulasi iliandikwa na Profesa Ralph Masenge wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwaka 2011 zote zikawekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons: soma, nakili, mpe jirani.

Mimi nilizipata mwaka huohuo kupitia rafiki aliyekuwa akisoma ng'ambo. Alinitumia kiungo akasema, "Hii inatoka kwenu." Mtandao sasa ulikuwa umebadilika, maana mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilikuwa zimefika Mombasa kupitia baharini. Nilipakua moduli nzima nikiwa nachemsha chai. Nikasoma anwani, nikatoka hadi barazani kuangalia upande wa Yaya.

Miaka hiyo yote nilikuwa naisaka hisabati ya bure Marekani kwa shilingi moja kwa dakika, huku watu wa kwetu wakiiandika ng'ambo ya barabara.

Je, moduli hizo zingeniokoa mwaka 2005? Hapana, na hili ndilo ninalotaka mlibebe. Kilichoniokoa kwa kweli ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hisabati. Jioni moja alinikuta na rundo la karatasi za saiba.

"Umezisoma, au umezitazama?" aliuliza.

"Nimezisoma, Mwalimu."

"Haya, funika majibu unifanyie la tatu."

Sikuweza. Nilikuwa nimefuata majibu ya mtu mwingine mstari kwa mstari, nikajidanganya kwamba ni yangu, vilevile nilivyoinakili ile fomula ya umbali. Tangu siku hiyo nilimpelekea daftari kila Jumamosi. Alitia vema na mkosi kwa kalamu nyekundu, hakunitoza hata senti. Baada ya miezi saba niliweza kuiunda ile fomula ya umbali kuanzia pembetatu, bila kuchungulia.

Ukitazama historia hii, mlango umefunguka mara nyingi: kwanza kwa rangi, kisha kwa bei, kisha kwa kasi ya laini. Leo Strang amekwisha kustaafu, tangu 2023, na mihadhara yake inatazamwa kwenye simu ndani ya matatu. Lakini kalamu nyekundu haipakuliwi. Tena tazameni zile lugha tatu za AVU: Kiswahili hakimo. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili bado anasubiri mtu amwandikie.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Ukipata somo zuri la bure, lipakue ulihifadhi, maana tovuti huhama na leseni inakuruhusu. Fanya maswali kwanza, majibu baadaye. Tafuta mtu mmoja wa kusahihisha daftari lako. Ukishaelewa, sahihisha la mwingine.

Mimi Jumamosi nina vijana wawili mezani. Mmoja wiki jana alipata saini ya 30 kuwa -0.988, akaniangalia kwa mshangao. Sikumwambia kitu. Nilimwachia siku mbili.