Uvimbe wa ngozi kwa farasi na punda: Tiba zipo, kisu peke yake hakitoshi

PUNDA anayevuta mkokoteni wa maji au wa maziwa viungani mwa mji wa Eldoret kwa kawaida hapelekwi kwa daktari wa mifugo mpaka ashindwe kazi. Kijipu kisicho na usaha kikimtokea kinenani au kando ya jicho, mwenyewe hukidhania kuwa chunjua na kukiacha. Miezi ikipita, kijipu hicho hukua kufikia ukubwa wa parachichi, hupasuka, hutoa damu na kuvuta nzi, na lijamu haifungiki tena. Hapo ndipo kisu hutafutwa. Mara nyingi kisu hicho, kikitumiwa bila tiba nyingine, ndicho huzidisha maradhi.

Uvimbe huo huenda ukawa sarkoidi, ambayo ndiyo aina ya uvimbe wa ngozi inayoonekana zaidi kwa farasi, punda na nyumbu kote duniani. Jina hilo lilitolewa mwaka 1936 na mtafiti C. Jackson wa kituo cha Onderstepoort, Afrika Kusini, aliyeeleza kwa mara ya kwanza kwamba uvimbe huu una tabia zake na haufai kuchanganywa na uvimbe mwingine. Baada yake huja saratani ya seli bapa za ngozi, kisha melanoma, ambayo ni uvimbe mweusi wa farasi wa kijivu. Kila moja ina njia yake ya kutibiwa, na dawa inayofaa kwa moja yaweza isifae kabisa kwa nyingine.

Uasin Gishu haikosi historia ya farasi. Makaburu waliohamia uwanda huo mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg walifika kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakiwa na farasi wao. Leo farasi ni wachache, na idadi kubwa ya walio nchini hupatikana Nairobi na vitongoji vyake, katika mbio za Ngong, mchezo wa polo na vikosi vya polisi. Aliyebaki kuwabebea wananchi mizigo ni punda, naye anapungua: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini, na ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni vichinjio vilivyofunguliwa kuanzia 2016, kimoja kikiwa Mogotio, Kaunti ya Baringo, ili kuuza ngozi Uchina. Mnamo Februari 2024 Umoja wa Afrika uliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Punda wanapoadimika, anayeuguzwa nyumbani ana thamani kuliko hapo awali, na kumtelekeza kwa sababu ya uvimbe unaotibika ni hasara kubwa kwa familia inayomtegemea.

Sarkoidi inahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, hasa aina ya 1 na ya 2, ambavyo ni virusi vile vile vinavyosababisha chunjua kwa ndama. Jambo hili lafaa kuzingatiwa katika eneo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kama Uasin Gishu, ambako punda hulala zizi moja na ndama. Chembe za urithi za virusi hivyo zimepatikana kwenye nzi, na wataalamu wengi wanaamini kwamba nzi na vidonda vina mchango katika maambukizi. Ndiyo sababu uvimbe hupenda kutokea penye ngozi nyembamba na mahali nzi hutua: kinenani, kifuani, masikioni, kwenye kope na pembeni mwa mdomo, na vile vile juu ya kidonda cha zamani cha hatamu au kamba. Kwa kawaida wanyama huanza kuupata wakiwa bado vijana, kabla ya kutimiza miaka saba.

Sura zake ni nyingi. Kuna sarkoidi inayoonekana kama duara la ngozi iliyonyonyoka manyoya, ambayo mtu huidhania kuwa choa. Ipo ya magamba kama chunjua, ipo ya vidonge vigumu chini ya ngozi, na ipo ya nyama nyekundu inayovuja damu. Mnyama mmoja aweza kuwa nazo zote. Haisambai hadi kwenye mapafu au ini kama saratani nyingine, lakini huchimba mizizi ndani ya ngozi na kujaribu kurudi kila inapoguswa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kisu. Tafiti za upasuaji wa kawaida zimeonyesha viwango vya kurudi kwa uvimbe vinavyotofautiana mno, kuanzia asilimia 15 hadi zaidi ya asilimia 80, na mara nyingi hurudi ndani ya miezi sita ukiwa mkali kuliko mwanzo. Tofauti hiyo hutokana na ukubwa wa ngozi safi inayokatwa kuuzunguka uvimbe. Daktari anayeacha ukingo wa sentimita moja au mbili, asiyeshika uvimbe kwa vifaa anavyoshikia ngozi nzima, na anayeongeza tiba ya pili, hupata matokeo mema kuliko anayeufyeka juu juu. Hata kukata kipande kidogo cha kupeleka maabara kwaweza kuuchokoza uvimbe uliokuwa umetulia. Kwa hiyo madaktari wengi huutambua kwa macho na historia, au huuondoa wote na kupima baadaye. Sampuli za Eldoret zaweza kupitia maabara ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo iliyo mjini humo, au kupelekwa Kabete, yaliko maabara kuu ya serikali na kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Njia ya pili ni kugandisha. Naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hunyunyiziwa uvimbe hadi uwe barafu, ukaachwa uyeyuke, kisha ukagandishwa tena. Mzunguko mmoja hautoshi. Jambo la kutia moyo ni kwamba kimiminika hiki si kigeni kwa wafugaji wa huku. Wataalamu wanaopandikiza ng'ombe mbegu za fahali huibeba kila siku katika mitungi yao, ndimo mbegu hizo zinamohifadhiwa. Kinachohitajika ni daktari mwenye ujuzi na kifaa cha kunyunyizia, kwani baridi hiyo huua pia neva, mifupa na ngozi iliyo karibu. Manyoya yanayoota upya mahali hapo huwa meupe, na mwenye punda asishangae.

Uvimbe wenye shingo nyembamba, unaoning'inia, huweza kufungwa kwa mpira ule ule wanaotumia wafugaji kuhasi kondoo, ukakauka na kuanguka. Njia hii ni rahisi kwa gharama, ila haifai kwa uvimbe mpana uliokita mizizi. Daktari huangalia kwanza iwapo chini ya shingo hiyo pana kipande kingine ndani ya ngozi.

Chanjo ya BCG, ile wanayopewa watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu, imetumika kwa miongo mingi kwa sarkoidi zilizo karibu na jicho. Hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe, ikarudiwa baada ya wiki kadhaa, na kazi yake ni kuuamsha mwili uutambue uvimbe kama adui. Matokeo yake kwenye kope ni mazuri, lakini miguuni ni hafifu. Hatari yake ni mzio mkali unaoweza kumwangusha mnyama na kumwua, hasa kuanzia sindano ya pili. Haitolewi na mtu asiye na dawa za kukabiliana na dharura hiyo mkononi.

Zipo pia dawa za kuua seli. Sisplatini hudungwa ndani ya uvimbe, nayo fluorourasili hupakwa kama krimu au kudungwa. Zote ni dawa za saratani za binadamu, na matokeo yake kwa sarkoidi na kwa saratani ya seli bapa yamekuwa mazuri. Lakini anayezishika avae glavu, na wanawake wajawazito wakae mbali. Nchini Uingereza, Profesa Derek Knottenbelt wa Liverpool alitengeneza krimu yenye fluorourasili na madini mazito ambayo hutolewa kwa madaktari wa mifugo tu. Tiba ya mionzi ndiyo inayosifiwa kuliko zote kwa uvimbe wa jichoni, lakini hupatikana katika hospitali chache za farasi, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani, na gharama yake haina uhusiano na bei ya punda.

Saratani ya seli bapa ni habari nyingine. Hii huota penye ngozi isiyo na rangi: kope nyeupe, pua ya waridi, dhakari na uke. Jua ni chanzo kikuu, na Eldoret, iliyo karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, hupokea miale mikali ya urujuanimno hata siku za baridi. Kwenye sehemu za siri huhusishwa pia na virusi vingine vya papiloma, safari hii vya farasi wenyewe. Tofauti na sarkoidi, hii husambaa hadi kwenye tezi, kwa hiyo kuchelewa ni hatari. Ikigunduliwa mapema kwenye utando wa tatu wa jicho, daktari huweza kuuondoa utando huo kwa ganzi ya mahali, mnyama akiwa amesimama. Ikiachwa, jicho lote hung'olewa, na punda mwenye jicho moja hufanya kazi, bali si barabarani penye matatu.

Kwa melanoma, mwenye farasi wa kijivu ndiye wa kuwa macho. Mwaka 2008 watafiti waligundua kwamba rangi ya kijivu inayompata farasi kadiri anavyozeeka hutokana na badiliko moja la urithi, na badiliko hilo hilo humweka katika hatari ya uvimbe. Wengi wao wakipita miaka 15 huwa na vidonge vyeusi chini ya mkia na kuzunguka tundu la haja. Kijivu cha punda kina asili tofauti, na melanoma kwake ni nadra. Zamani ilikuwa desturi kuviacha vidonge hivyo, lakini sasa madaktari wengi hushauri viondolewe vikiwa vidogo, kwani vikikua huziba njia ya kinyesi. Simetidini, dawa ya vidonda vya tumbo, imejaribiwa na matokeo yake hayaridhishi.

Si kila nyama inayoota ni uvimbe. Kidonda cha mguuni huweza kufura nyama nyekundu isiyo na madhara ya saratani, na mabuu ya minyoo yanayoletwa na nzi huacha vidonda visivyopona, ambavyo hutibika kwa ivermektini. Kumpaka mnyama mafuta machafu ya gari, au kumchoma kwa chuma cha moto, hakuondoi hata kimoja kati ya hivi, na huficha dalili ambazo daktari angezitumia.

Tiba yoyote itakayochaguliwa, mnyama apewe kwanza kinga ya pepopunda, maradhi ambayo jamii ya farasi huyapata upesi na ambayo Kiswahili, kwa sababu zake, kimeyapa jina la mnyama huyu. Dawa za kutuliza maumivu huisha haraka mwilini mwa punda kuliko mwilini mwa farasi, hivyo dozi ya farasi ikinakiliwa tu punda hubaki na uchungu. Lijamu na hatamu zisiguse kidonda hadi kipone, na nzi wafukuzwe.

Anayenunua punda sokoni atazame sehemu zisizoonekana akiwa amefungwa mkokoteni: kinenani, ndani ya masikio, chini ya mkia na nyuma ya kamba ya kifua. Duara lisilo na manyoya, hata likiwa kavu na lisiloumiza, lafaa lipunguze bei au lisitishe biashara mpaka daktari alione.