Dharura ya Mbwa

Claude Bourgelat alipofungua chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, walioshughulikiwa hasa walikuwa farasi na ng'ombe, kwani sotoka ilikuwa ikimaliza mifugo. Mbwa alishughulikiwa kwa haraka hasa kwa sababu ya kichaa, na haraka hiyo ilikuwa ya kumwokoa mtu aliyeumwa, si mbwa. Chanjo ya kichaa ya Louis Pasteur nayo, mwaka 1885, ilitolewa kwa mtoto aliyeumwa.

Lakini mwaka 1917 Maria Dickin alifungua zahanati ya bure huko Whitechapel, London, kwa ajili ya wanyama wenyewe, wale wa maskini.

Leo dharura ya mbwa huamuliwa kwa kanuni ya kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, iliyotoka vitani, kwa Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon. Madaktari wa wanyama nao huanza na pumzi, mapigo ya moyo na rangi ya ufizi. Mbwa aliyetapika mara moja lakini bado mchangamfu huweza kuangaliwa nyumbani; aliyevimba tumbo ghafla, akijikamua bila kutapika kitu, apelekwe saa hiyohiyo.