Kumtunza Kijana Aliyevunjika Mgongo: Tulikotoka na Tulipo

Mama mpendwa, na wewe baba, dada au nyanya unayemlea mgonjwa nyumbani, leo tunazungumza juu ya kijana aliyeumia mgongo au shingo, akapooza miguu, au mikono na miguu, na sasa yuko nyumbani kwako. Kabla hatujaenda mbali nikuulize swali moja. Usiku wa jana, mlimgeuza mara ngapi?

Usinijibu sasa. Tutarudi kwenye hesabu hiyo, kwa sababu historia yote ya ugonjwa huu imo ndani yake.

Hapa Sori, na Karungu yote mpaka Nyatike, ajali hizi tunazijua. Pikipiki inateleza na kijana anaangukia mgongo. Shimo la dhahabu linaporomoka kule Macalder, mahali ambapo watu wamekuwa wakichimba tangu enzi za ukoloni. Mvulana anajirusha ziwani kichwa kwanza pasipo na kina. Ndani ya mifupa ya mgongo inapita kamba ya mishipa ya fahamu, laini, nene kama kidole chako kidogo. Hiyo ndiyo inayopeleka amri ya ubongo kwenye miguu, kibofu na utumbo, na ndiyo inayorudisha habari kwamba hapa panauma, hapa pana moto. Mfupa ukiivunja au kuibana, habari hukatika. Mfupa wenyewe utaunga. Kamba hiyo ikikatika haiungi kama mfupa, na mpaka leo hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kuiunga upya.

Watu wa kale waliliona jambo hili. Kuna maandishi ya waganga wa Misri, yaliyonakiliwa yapata miaka 3,600 iliyopita, yanayomweleza mtu aliyeteguka mfupa wa shingo: hana habari ya mikono wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Mganga anashauriwa aseme kwamba huo ni ugonjwa usiotibiwa. Maneno hayo yalibaki ndiyo hukumu kwa maelfu ya miaka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, askari waliovunjika mgongo walipelekwa hospitali nzuri za Ulaya, na bado hesabu inayotajwa na madaktari ni kwamba karibu wanane katika kila kumi walikufa.

Mama, sikiliza vizuri hapa. Wengi wao hawakuuawa na ule mgongo. Waliuawa na vidonda vya kulala upande mmoja, na mkojo uliooza kibofuni mpaka ukaharibu figo.

Mwaka 1917, katika mji wa Königshütte ambao siku hizi uko Poland, kijana wa miaka kumi na minane aliyeitwa Ludwig Guttmann alikuwa akijitolea hospitalini. Akaletwa mchimba makaa ya mawe, mtu mwenye nguvu zake, aliyevunjika mgongo mgodini. Guttmann akaanza kuandika habari zake. Daktari mkubwa akamwambia asijisumbue, kwa kuwa mtu huyo atakufa katika wiki chache. Wakamtenga nyuma ya pazia. Baada ya wiki tano alikufa kwa vidonda na uchafu wa mkojo ulioingia kwenye damu. Ukiangalia vijana wetu wanaoteremka mashimoni Nyatike, habari ya mchimba makaa yule si ya mbali hata kidogo.

Guttmann akawa daktari. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1939 alikimbia utawala wa Hitler akaenda Uingereza. Tarehe 1 Februari 1944 akapewa wodi ya waliovunjika mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, si mbali sana na London. Je, alileta mashine gani? Hakuleta mashine. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa hata mara moja. Yeye mwenyewe alikuwa akipita wodini usiku kuhakikisha. Ngozi ilikaguliwa kila siku. Mkojo ulitolewa kwa usafi. Mgonjwa aliketishwa mapema, akapewa mazoezi ya mikono, kazi ya kufanya, na hata michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kurusha mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa Paralimpiki, ambayo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972.

Dawa kama penisilini zilisaidia, hilo ni kweli. Lakini penisilini haimgeuzi mtu kitandani. Kilichofuta hukumu ile ya kale zaidi ya yote ni mikono ya watu wanaoamka usiku. Ukimgeuza mwanao saa nane za usiku huku nyumba nzima imelala, unafanya tiba ile ile iliyoanza Stoke Mandeville mwaka 1944. Si kazi ya kubahatisha ya mtu asiye na hospitali.

Sasa turudi kwetu. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na hospitali moja tu ya umma ya kazi hii, Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Nairobi. Kutoka Sori ni safari ya kilomita kama 400, na vitanda vyake ni vichache kuliko wanaovihitaji. Juni 2012 Wakenya walimwona Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi, akiondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu na kusema anakwenda Afrika Kusini kutafuta matibabu. Ni karibu kilomita 4,000. Ilikuwa njia ya kuchangisha shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwarekebisha walioumia mgongo hapa nchini, ili watu wamwambie arudi nyumbani. Kampeni hiyo iliendeshwa na chama cha waliopooza, Kenya Paraplegic Organization. Timothy Wanyonyi, kiongozi wa chama hicho, alikuwa wakili kijana alipopigwa risasi mwaka 1998. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa mbunge wa Westlands, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu.

Nawataja hawa kwa sababu najua swali linalokukaa moyoni: je, atatembea? Jibu la kweli ni kwamba inategemea. Ikiwa ana hisia kidogo chini ya pale alipoumia, au anaweza kusogeza kidole cha mguu, basi kamba haikukatika yote, na nguvu zinaweza kurudi polepole, hasa katika mwaka wa kwanza, na wakati mwingine hata wa pili. Ikiwa hakuna kitu kabisa baada ya miezi mingi, huenda miguu haitarudi. Hapo familia nyingi hukata tamaa, au huanza kuuza. Ng'ombe anauzwa, kisha mtumbwi, kisha kipande cha shamba, akitafutwa mtu wa kuondoa chira au uchawi. Sitabishana na mzee yeyote juu ya mila. Ninachosema ni hiki: chochote mnachokifanya, mtu asimamishe kugeuzwa. Kidonda hakingoji kikao cha ukoo kiishe. Na pesa ya ng'ombe huyo ingenunua godoro zuri na kiti.

Hata mtu ambaye miguu haikurudi anaweza kupona. Kupona maana yake ni kuketi mwenyewe, kula mwenyewe, kujitolea mkojo mwenyewe, kutengeneza simu au kushona nyavu, kugombana na ndugu zake kama zamani. Huchukua miaka. Na nyingi ya miaka hiyo hupita nyumbani, si hospitalini.

Jambo hili Shirika la Afya Duniani lililitambua baadaye kidogo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 lilianza kutengeneza mwongozo wa kuwarekebisha watu wenye ulemavu katika jamii, na toleo lililokamilika likatoka mwaka 1989. Ndani yake mwalimu wa mazoezi ni mtu wa familia: mama, dada, mjomba. Mwaka 1987 David Werner, yule aliyeandika kitabu tunachokijua kama Mahali Pasipo na Daktari, alitoa kitabu kingine juu ya watoto wenye ulemavu vijijini. Alikiandika kutokana na kazi ya kijiji kimoja cha Mexico ambako walemavu wenyewe ndio waliokuwa wakitibu wenzao, wakiwemo vijana waliopooza kwa risasi. Werner mwenyewe ana ulemavu.

Na hapa Sori hatuna haja ya kwenda Mexico. Hospitali ya misheni tunayoiita St. Camillus ina jina la mtu aliyezaliwa Italia mwaka 1550, askari na mcheza kamari, aliyekuwa na kidonda cha mguu kisichopona mpaka alipokufa mwaka 1614. Alilazwa, akaona jinsi wagonjwa walivyotupwa, akaanzisha shirika la kuwahudumia. Aliwataka watu wake wamtunze mgonjwa kama mama anavyomtunza mwanawe wa pekee aliye mgonjwa. Angalia basi nani alichukuliwa kuwa mfano. Si mama aliyeambiwa ajifunze kwa wauguzi!

Haya, tuje kwenye hesabu yetu. Saa mbili mara kumi na mbili ni siku nzima. Mtu mmoja hawezi, na nasema hivi kwa sababu katika nyumba nyingi kazi yote ameachiwa mama peke yake, mpaka naye mgongo wake unaharibika. Gaweni zamu. Mvuvi anayetoka kwenda ziwani usiku amgeuze kabla ya kuondoka. Mwanafunzi anayeamka alfajiri amgeuze. Wekeni kengele kwenye simu. Upande wa kulia, chali, upande wa kushoto, na kifudifudi ikiwa daktari ameruhusu. Wekeni mto kati ya magoti, na visigino visiguse godoro. Mwinueni kwa shuka mkiwa wawili. Msimburute, kwa maana kuburuta kunachuna ngozi.

Kila asubuhi kagua makalio, mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo, mabega na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta pale palipokuwa peusi zaidi, penye joto, au pagumu. Hapo pasilaliwe kabisa mpaka rangi irudi, na usipasugue kwa nguvu. Akianza kukaa kwenye kiti, ajiinue au ainuliwe kidogo kila baada ya robo saa hadi nusu saa. Ile pete ya mpira wa tairi ambayo watu hupenda kumkalisha juu yake iacheni, maana hubana damu isifike katikati. Msimwekee chupa ya maji moto wala kumsogeza karibu na jiko. Ataungua bila kujua.

Kidonda kinajengwa kwa chakula. Omena tunaowauzia watu wa Nairobi kwa magunia ndio hasa wanaojenga ngozi, pamoja na mayai, maharagwe na mboga. Maji ya kunywa usimpunguzie ili kupunguza mkojo. Mkojo mchache huleta maambukizo.

Kuna hatari moja ambayo familia nyingi haziijui. Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo akilalamika ghafla kichwa kinamgonga vibaya, uso unatoka jasho, usidhani ni malaria. Mketishe wima mara moja, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au mfuko umejaa. Huenda pia choo kimekwama. Shinikizo la damu limepanda, na isiposhuka upesi apelekwe hospitali wakati huo huo.

Juu ya pesa na sheria nitasema kwa ufupi. Kenya ilipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003, na nyingine mpya ikachukua nafasi yake mwaka 2025. Kijana wako anastahili kupimwa hospitalini na kuandikishwa kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwulize chifu, au mhudumu wa afya wa kijiji chako, jinsi ya kuanza. Tangu mwaka 2011 serikali ina mpango wa fedha kwa wenye ulemavu mkali, wale wanaohitaji kusaidiwa saa zote. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mlezi ndiye anayepokea. Si kila anayestahili ameingizwa, kwa hiyo jina liandikwe mapema na ufuatilie. Kwa kiti, kuna chama kinachoitwa APDK, kilichoanza mwaka 1958. Chama hicho hutengeneza viti vya magurudumu hapa hapa Kenya na kina tawi Kisumu. Kiti kiwe cha kipimo chake, na kiwe na mto mzuri wa kukalia.

Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya mkojo na choo, mambo ambayo watu huona haya kuyauliza. Mlete na yule mwenye zamu ya saa nane za usiku, asikilize naye.