Shilingi moja kwa mwezi: jumuiya ya Philadelphia na swali letu la msiba

Juzi kwenye kikao cha mchango wa msiba tuligombana. Wengine walisema asiyechangia asisaidiwe. Wengine wakasema hapana, marehemu ni mtu wetu, azikwe tu. Mimi nilinyamaza, maana jibu sikuwa nalo. Leo nawaletea historia ya watu waliokutana na swali kama hilo zamani sana.

Mwaka 1787, tarehe 12 Aprili, watu weusi wa mji wa Philadelphia, Marekani, walianzisha Free African Society, yaani Jumuiya ya Waafrika Huru. Walioongoza ni Richard Allen na Absalom Jones. Wote wawili walizaliwa watumwa: Allen alijinunulia uhuru kwa jasho lake, na Jones aliachiwa huru na bwana wake. Lakini uhuru peke yake haukushibisha mtu. Ukiugua, nani atakulisha? Ukifa, mjane na watoto watabaki na nani?

Basi wakakubaliana: kila mwanachama atoe shilingi moja ya fedha kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja, mwanachama aliyekwama alipewa shilingi tatu na peni tisa kwa wiki, mradi shida yake haikutokana na uzembe wake. Wajane walitunzwa, na watoto wa marehemu walitafutiwa shule au fundi wa kuwafundisha kazi. Mlevi hakupokelewa. Dhehebu halikuulizwa. Na aliyekaa miezi mitatu bila kulipa hakufukuzwa hivi hivi tu: wanachama wawili walimwendea kwanza kumkumbusha. Asipolipa, na sababu ya maana hana, ndipo alitolewa.

Mnaona? Sheria ilikuwa kali, ila ilikuwa na miguu ya kwenda kwa mtu.

Halafu ukaja mwaka 1793. Homa ya manjano iliingia Philadelphia, ikaua karibu watu 5,000, kama mtu mmoja katika kila kumi. Wenye uwezo walikimbia mji. Daktari Benjamin Rush aliamini kwamba watu weusi hawaugui homa hiyo, akawaomba wasaidie. Jones, Allen na wenzao wakaingia nyumba kwa nyumba, wakauguza, wakabeba maiti, wakazika. Wengi waliosaidiwa hawakuwahi kutoa hata peni moja kwenye jumuiya. Tena walikuwa wazungu, watu ambao kanisani hawakutaka kukaa nao pamoja.

Na yule daktari alikosea. Watu weusi waliozikwa mwaka 1792 walikuwa 67. Mwaka 1793 walikuwa 305.

Homa ilipoisha, shukrani ikageuka lawama. Mchapishaji mmoja, Mathew Carey, aliandika kwamba baadhi ya wauguzi weusi waliwanyonya wagonjwa kwa bei na kuiba. Jones na Allen hawakujibu kwa matusi. Mwaka 1794 walitoa kijitabu chenye hesabu zote: tumepokea pauni 233, shilingi 10 na peni 4, tumelipa pauni 411 kwa majeneza na vibarua watano. Yaani walitoa mfukoni mwao zaidi ya pauni 177. Hesabu ndiyo iliyowatetea.

Sasa turudi kwetu. Mimi naona wale waliogombana juzi, pande zote mbili walikuwa na haki. Bila sheria ya mchango, sanduku litakauka na hata jeneza moja hatutanunua. Lakini sheria bila huruma, basi tumekuwa kama wale waliotufungia mlango tulipokuwa njiani.

Kikao kijacho nitapendekeza mambo matatu. Asiyelipa atembelewe na watu wawili kabla ya kukatwa. Sehemu ndogo ya mchango iwekwe pembeni kwa ajili ya asiye mwanachama, hasa mgeni aliyefika jana. Na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, kila mwezi.

Kama una wazo zuri zaidi, njoo nalo. Ila njoo na mchango wako pia.