Hombolo na Neva ya Kiwiko

Ukijigonga nyuma ya kiwiko, umeme hukimbia hadi kidole cha mwisho. Pale neva imelala juu ya mfupa, ndani ya njia nyembamba isiyotanuka.

Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, inajulikana kwa bwawa lake la miaka ya 1950. Ndiko pia yalikokuwa makazi ya watu wenye ukoma, ugonjwa unaoishambulia neva hiyo. Armauer Hansen wa Norwe alikwisha kukiona kimelea cha ugonjwa huo mwaka 1873, lakini kwa miongo mingi wagonjwa waliendelea kutengwa na jamaa zao. Hata dawa ya dapsoni ilipoanza kutumika miaka ya 1940, mikono mingi iliendelea kulemaa.

Sababu ilikuwa kwenye neva. Kimelea hujificha humo, neva huvimba, na njia yake haiongezeki upana. Damu inayoifikia hupungua. Maumivu makali huweza kutangulia, kisha ganzi. Mwenye ganzi huepua sufuria ya ugali akaungua bila kujua, au hutembea na mwiba unyayoni mpaka kidonda kinaoza. Vidole havikudondoka kwa laana, kama wengi walivyoamini. Viliharibiwa na majeraha yasiyouma.

Huko Vellore, India, mwishoni mwa miaka ya 1940, mpasuaji Paul Brand alianza kuhamisha kano ili vidole vilivyojikunja vishike tena. Wapasuaji wengine walitaka kuwahi zaidi: wakate utando unaoibana neva ingali hai. Hoja hiyo inawahusu pia wenye vivimbe vinavyoota kwenye neva, maradhi aliyoyaeleza daktari von Recklinghausen mwaka 1882. Uvimbe ukikua mahali pembamba, kuifungua njia kunaweza kutuliza maumivu.

Kwa ukoma, kisu peke yake hakikutosha. Dawa ya prednisoloni ndiyo ikawa tiba ya kwanza ya neva iliyovimba, na upasuaji ukabaki kwa wenye jipu ndani ya neva au maumivu yasiyosikia dawa. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Miaka minne baadaye Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa mseto. Ukoma ukawa wa kutibiwa mgonjwa akiwa nyumbani kwake.

Hapo kazi ya kuiokoa neva ikahamia zahanati. Mhudumu hupapasa viwiko vyote viwili, akilinganisha unene wa neva huku macho yake yakiutazama uso wa mgonjwa. Kisha humwomba afumbe macho, na kumgusa kiganja kwa ncha ya kalamu.